Kisu cha kukunja kilichokaza: jua kinakaza wapi kabla ya kumwaga mafuta

Kisu cha kukunja kikiwa kigumu kufunguka, mkono hukimbilia chupa ya mafuta. Hapo ndipo visu vingi huharibikia. Mafuta yakikuta mchanga ndani ya maungio, huubeba na kuuzungusha, ukawa kama msasa unaokula chuma kila unapofungua na kufunga. Yakikuta maji ya embe yaliyokaukia humo, hayafanyi lolote, maana sukari huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Kwanza tafuta kinachokwamisha, kisha kitoe. Mafuta huja mwisho, tena tone moja tu.

Tuanze na kisu chekundu cha Uswisi cha Victorinox na vingi vilivyoigwa kwake. Ubapa huzunguka kwenye ribiti, ile pini iliyopita upande mmoja wa mpini hadi wa pili na kugongwa vichwa. Mgongoni mwa mpini kuna springi bapa inayokandamiza kitako cha ubapa, yaani ile sehemu nene isiyo na makali. Kitako hicho si duara kamili, kina pande zilizonyooka, ndiyo maana kisu hutoa mlio wa “tak” kinapofunguka na kinapojifunga. Kwa hiyo ugumu wa mwanzo na wa mwisho wa mzunguko ni wa asili. Bila huo kisu kingejifunga chenyewe juu ya vidole.

Kabla ya yote, funika makali kwa utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, tabaka moja tu ili ubapa bado uweze kuingia mpinini. Shika ubapa kwa mgongo wake kwa vidole viwili, na usipitishe kidole gumba juu ya mfereji wa mpini. Mikono yenye sabuni au mafuta huteleza, na springi haingoji.

Sasa fungua polepole sana, ukisikiliza kwa sikio na kwa vidole. Ukisikia mkwaruzo wa chembechembe, ni mchanga au vumbi la mfukoni. Kikinata mara ya kwanza, kisha mara ya pili na ya tatu kikalegea, ni sukari au mafuta ya kupikia yaliyoganda. Kikilia kwa kukereza na kutoa unga wa kahawia, ni kutu. Kikiwa kizito kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho bila mkwaruzo, huenda ribiti imebana kupita kiasi. Ukiona ubapa umeegemea upande mmoja wa mfereji na una mstari wa mikwaruzo ubavuni, mpini umepinda au kisu kilitumika kubandulia kitu. Na kama ni kipya, ugumu uko mwanzoni tu na ukucha ndio unaoumia, hakina ugonjwa: ni springi ambayo haijazoea. Tia tone la mafuta, fungua na funga mara 200 kwa siku mbili tatu, kisha ndipo ukihukumu.

Kuosha

Uchafu ndio sababu ya kawaida kuliko zote, na dawa yake ni maji ya uvuguvugu. Weka maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwenye bakuli, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, zamisha kisu dakika 15. Maji yanayochemka hayataharibu ugumu wa chuma, lakini vibao vya plastiki vya mpini vinaweza kupinda au kubanduka, na hakuna faida yoyote ya ziada. Kisha fungua na funga mara 20 hadi 30 kisu kikiwa ndani ya maji. Maji yakichafuka, yabadilishe.

Kwenye kisu chenye vifaa vingi, fungua kimoja, kisafishe, kifunge, ndipo uende kwa kingine. Ubapa mkubwa na mdogo hutumia springi moja kutoka ncha zake mbili, na ukiviacha vyote nusu wazi, springi hiyo inakunjwa pande zote kwa pamoja bila sababu.

Mfereji husafishwa kwa mswaki wa zamani. Pembe ambazo mswaki haufiki, tumia kijiti cha meno: kikikatika hakiachi alama, tofauti na sindano inayokwaruza kitako. Sehemu inayosahaulika ni kati ya springi na kitako. Fungua ubapa nusu ili springi iinuke, utaona uwazi mwembamba wenye utando mweusi. Huo ndio wenye lawama mara nyingi.

Suuza kwa maji safi, kung’uta, puliza kwa nguvu au kwa pampu ya baiskeli, kisha kiache wazi juani nusu saa. Ukaushaji usiupunje. Maji yaliyobaki chini ya springi, ukiyafunika kwa mafuta, yanaanza kutu usiyoiona. Pwani, kisu kilichoingia maji ya bahari kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Jina la chuma kisichoshika kutu lisikudanganye, maana chumvi iliyojificha kwenye maungio hukitoboa nacho.

Kutu

Kama maungio yamekwama kwa kutu, usilazimishe kwa koleo. Tia matone mawili ya mafuta ya taa au puliza WD-40, dawa ya kopo ya kulegeza vilivyokwama, kila upande wa ribiti, kiache usiku mzima, kisha kichezeshe milimita chache mbele na nyuma. Ongeza, ngoja, chezesha tena. Maji ya kahawia yakitoka, kutu inaachia. WD-40 ni nzuri kwa kazi hii ya kulegeza, na huishia hapo: sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachoruka na kuacha utando mwembamba usiodumu. Ifute, osha tena kwa sabuni, kausha. Petroli na tina, ile ya kuzimulia rangi, viache kabisa. Tina huyeyusha plastiki ya mpini, na petroli inawaka hata kabla hujaona moto umetoka wapi.

Kilichosafishwa na bado kinakwaruza kinaweza kulainishwa kwa Brasso, ile dawa ya kusugulia shaba, au dawa ya meno nyeupe. Paka kidogo kwenye kitako na pembeni mwa ribiti, fungua na funga mara 50, osha, jaribu. Hizi ni dawa zenye chembe za kusaga. Zinang’arisha chuma kwa kukipunguza, na chuma kilichopunguzwa hakirudi. Ukizidisha, ubapa utaanza kucheza kushoto na kulia, na hilo ni baya kuliko ugumu ulioanza nao. Mara 100 ndiyo mpaka. Baada ya hapo osha mara mbili, maana Brasso ikibaki ndani inaendelea kusaga.

Ribiti iliyobana

Hapa tunashauri woga. Fungua ubapa nusu, ukae kama pembe ya mraba na mpini, ushike karibu na ribiti kwa kitambaa kinene, kisha usukume taratibu kushoto na kulia mara tano au sita. Ncha isisogee zaidi ya milimita mbili tatu. Jaribu. Mara nyingi hiyo inatosha kuachanisha mabati ya ndani ya mpini, yale yanayobana ubapa huku na huku, kwa unene wa unywele. Kuchomeka bisibisi kati ya ubapa na bati ili kupanua ni kosa: bati hupinda mahali pamoja, na ubapa haukai katikati tena. Ukiona umelegeza kupita kiasi, na vichwa vya ribiti havijafunikwa na vibao vya plastiki, laza kichwa cha ribiti juu ya chuma kizito na ugonge kichwa cha upande wa pili kwa nyundo ndogo, pigo moja jepesi, ukijaribu baada ya kila pigo.

Mafuta

Mafuta ya cherehani yanafaa, ni mepesi na hayagandi. Kama kisu kinakata chakula, nunua likwidi parafini ya duka la dawa, ile inayonywewa kwa tumbo gumu. Mwambie muuzaji hivyo waziwazi, kwani wengi wakisikia parafini hudhani ni mafuta ya taa. Mafuta ya alizeti na ya mahindi usiyatumie. Yakikaa hewani hugeuka gundi. Mafuta ya nazi hayanati upesi hivyo, lakini yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kisu kinachoteleza Mombasa mchana kitakuwa kizito Nairobi asubuhi.

Chovya ncha ya kijiti cha meno, weka tone moja kila upande wa ribiti na jingine pale springi inapogusa kitako. Fungua na funga mara 20. Mafuta yakitoka meusi, bado kuna uchafu: futa, tia tena, hadi yatoke safi. Kisha futa kila kinachoonekana. Mafuta yaliyo nje hayalainishi kitu, yanakusanya vumbi tu. Kwa anayefanya kazi kwenye mchanga mwingi, unga wa penseli laini, ya 6B, unateleza bila kunasa vumbi, ila usiutumie penye unyevu wa chumvi, kwa sababu unachochea kutu.

Visu vya skrubu

Hivi, ambavyo maungio yake hushikwa na skrubu badala ya ribiti, ni rahisi zaidi. Skrubu ya maungio kwa kawaida huhitaji bisibisi ya nyota yenye ncha sita (Torx), saizi ya T6 au T8. Ilegeze kwa moja ya nane ya mzunguko, jaribu, rudia. Unatafuta mahali ambapo ubapa unazunguka kwa wepesi lakini ukiusukuma pembeni hausogei. Kama skrubu hujilegeza yenyewe, tia chembe ya gundi ya skrubu ya rangi ya buluu, kwenye nyuzi za skrubu peke yake. Ikigusa washa, yaani kile kisahani chembamba kati ya ubapa na mpini, imefunga kisu chote. Washa za shaba zenye mikwaruzo hulainishwa juu ya kioo kwa msasa wa maji namba 1000, kwa mzunguko mwepesi wa nusu dakika. Uso wa loki, ile sehemu inayoushikilia ubapa ukiwa wazi, usiusage wala usiutie mafuta, maana ndio unaozuia ubapa usianguke juu ya vidole.

Mipini ya mbao

Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa makoloni yake ya Afrika na sasa kinatoka Afrika Kusini, kina ubapa wa chuma kinachoshika kutu. Opinel ya Ufaransa haina springi ya mgongo kabisa: ubapa umebanwa na mbao yenyewe. Vyote viwili visizamishwe majini. Mbao ikinywa unyevu huvimba na kubana ubapa, na hapo mafuta ya cherehani hayasaidii. Opinel iliyokwama, zungusha pete yake ifunguke, kisha gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza: ubapa utachomoza vya kutosha kushikika. Uache wazi kivulini penye hewa siku mbili. Usiuweke jikoni karibu na moto, mbao itapasuka.

Ikikauka na bado inabana, kunja kipande cha msasa namba 400, kipitishe ndani ya mfereji mara kumi kila upande, jaribu, ongeza kidogo kidogo. Mwisho yeyusha Vaselini kijiko cha chai kimoja, idondoshee kwenye maungio ubapa ukiwa wazi, ukiuchezesha ili iingie ndani ya mbao. Iache ipoe, futa inayobaki nje, na urudie masika yakikaribia.