Chubwi lifungwe kwa uzi dhaifu

Kwa wanaovua changu na chewa kwa mshipi, wakiwa kwenye mtumbwi au kayaki juu ya miamba: usifunge chubwi (kizito cha kuzamishia ndoana) kwa mshipi uleule wa ndoana. Mshipi ukiwa wa kuhimili kilo 20, ning'iniza chubwi chini kabisa kwa kipande cha kuhimili kilo 5, urefu shubiri moja. Likinasa, vuta taratibu kuelekea omo (mbele ya chombo), si ubavuni, usije ukapinduka. Kipande kinakatika, ndoana na samaki wanapanda. Mimi siku hizi nafunga jiwe tu, chubwi la risasi ni ghali. Mbinu hii haisaidii ikinasa ndoana yenyewe, wala chewa akishajikita pangoni. Na usirushe, shusha polepole, la sivyo kipande kitakatika na jiwe litatangulia peke yake.