Jinsi ya kupanga miadi ya timu nzima kwenye kalenda moja ya mtandaoni

Kama timu yenu bado inapanga miadi kwa meseji za grupu basi mnajua mateso yake, mtu anaandika "kesho saa nane tunaonana na mteja", wawili wanajibu sawa, wa tatu hajaiona kwa sababu meseji nyingine kibao zimeingia juu yake, na mwisho wa siku mteja amekaa anasubiri watu ambao hata hawajui kama wanasubiriwa. Mi kazi yangu ni kuratibu ratiba za watu wanaozunguka kutwa nzima, na nakwambia kwa moyo wote kalenda ya pamoja ndo dawa, ila iwekwe vizuri tangu siku ya kwanza. Timu nyingi zinaifungua, zinaishea, baada ya muda hakuna anayeiangalia tena na wanarudi kwenye meseji, na ukichunguza karibu kila mara unakuta kuna mpangilio mdogo tu uliorukwa mwanzoni.

Nitatumia Kalenda ya Google kwenye mifano maana ukiwa na Gmail tayari unayo, ipo tangu 2006 na matumizi ya kawaida hayana malipo. Kama mnatumia Outlook au ya Apple mambo ni yale yale, vitufe tu vinakaa sehemu nyingine.

Hatua ya 1: Tengeneza kalenda mpya kabisa

Usishee kalenda yako binafsi. Hii naisisitiza kwa sababu ndo njia ya mkato ambayo kila mtu anaikimbilia, alafu siku ya siku timu nzima inasoma una miadi ya daktari, na ukiondoka kazini miadi yote ya timu inaondoka na akaunti yako.

Kaa kwenye kompyuta, fungua calendar.google.com kwenye brauza (kazi hii usiitafute kwenye programu ya simu, fanya kwenye brauza). Upande wa kushoto chini kuna orodha ya kalenda nyingine na alama ya kujumlisha pembeni, bonyeza hapo, chagua kutengeneza kalenda mpya. Ipe jina ambalo mtu akiliona kwenye simu yake anaelewa fasta, mfano "Miadi – Timu ya Mafundi". Chini yake kuna sehemu ya saa za eneo, angalia kama ni sahihi kabla hujabonyeza kitufe cha kutengeneza, tutarudi kwenye hili.

Kama kuna kitu mnagombania, labda gari moja, chumba kimoja cha kikao au mashine moja, kitengenezee kalenda yake peke yake kwa njia hiyohiyo. Mtu akitaka gari anaandika kwenye kalenda ya gari, na mwenzie anaona limeshachukuliwa.

Hatua ya 2: Gawa ruhusa kwa akili

Rudi kwenye orodha ya kushoto, sogeza mshale juu ya jina la kalenda mpya, bonyeza vidoti vitatu, ingia kwenye mipangilio na kushiriki. Teremka mpaka sehemu ya kushiriki na watu maalumu, hapo unaandika imeli ya kila mmoja na kumchagulia ngazi.

Ngazi ziko nne. Ya chini kabisa mtu anaona tu kwamba muda flani umeshikwa, haoni ni nini. Ya pili anaona kila kitu ila hagusi. Ya tatu anaweza kuongeza, kubadilisha na kufuta miadi. Ya nne anafanya hayo yote na pia anaweza kuingiza au kutoa watu kwenye kalenda yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: ngazi ya nne wapewe watu wawili, sio mmoja, kwa sababu yule mmoja akiugua au akisafiri timu inakwama. Ya tatu wape wale tu ambao kweli kazi yao ni kupanga miadi. Wengine wote ya pili inawatosha, maana kwenye simu ni rahisi sana kidole kuburuta miadi ya saa nne ikaenda saa sita bila mwenye simu kujua. Watu wa idara nyingine wanaotaka kujua tu kama timu ina nafasi wape ya kwanza, hawana sababu ya kusoma majina ya wateja wenu.

Kuna kisanduku kingine hapohapo cha kuifanya kalenda ionekane kwa umma. Kiache wazi, usikitie tiki. Kalenda ya kazi ina majina ya watu, namba za simu, mahali watakapokuwa na saa ngapi, na ukishaiweka hadharani mtu yeyote anaweza kuifikia.

Alafu jambo ambalo wengi hawalijui: ukiweka miadi flani kuwa ya faragha ndani ya kalenda ya pamoja, wale wenye ruhusa ya kurekebisha bado wanaiona. Kwa hiyo kama ni siri kweli iweke kwenye kalenda yako binafsi.

Hatua ya 3: Hakikisha kila mtu anaiona NA inamkumbusha

Hapa ndo kalenda nyingi zinakufa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Ukishamshea mtu anapata imeli yenye linki ya kuiongeza kalenda kwenye orodha yake. Asipobonyeza ile linki haioni. Usiamini neno "nimeipata", mwambie afungue simu akuonyeshe au akutumie picha ya skrini. Kwenye programu ya Kalenda ya Google ya simu aingie kwenye ile menyu ya mistari mitatu aone kama jina la kalenda lina tiki. Wale wa iPhone wanaotumia kalenda ya Apple iliyokuja na simu mara nyingi hawaioni kabisa mpaka waende calendar.google.com/calendar/syncselect wakiwa wameingia kwenye akaunti yao, watie tiki kwenye kalenda ya timu na kuhifadhi.

Sasa notifikesheni. Watu wanadhani wewe ukiweka ukumbusho wa dakika 30 kwenye miadi basi simu za timu nzima zitalia. Hazilii. Kwenye kalenda iliyoshewa ukumbusho unaouweka ni wa kwako tu, kila mtu anajiwekea wa kwake. Kwa hiyo siku ya kwanza mkae pamoja, kila mmoja afungue mipangilio ya ile kalenda kwenye akaunti yake na aweke ukumbusho wa kawaida wa miadi yote, mi napendelea miwili, mmoja siku moja kabla na mwingine saa moja kabla. Akiwa hapohapo ashuke kwenye notifikesheni nyingine, awashe imeli ya miadi mipya, ya miadi iliyobadilishwa na ya miadi iliyofutwa. Ni kazi ya dakika chache na ndo inayotofautisha kalenda inayofanya kazi na kalenda ya mapambo.

Hatua ya 4: Kuweka miadi yenyewe

Kwenye kompyuta bonyeza herufi C, fomu inafunguka. Kabla hujaandika chochote angalia ni kalenda gani imechaguliwa, kwa sababu kawaida inakuja na ile yako binafsi, ukihifadhi hivyo wewe unaiona vizuri kabisa na timu haioni kitu. Badilisha iwe ya timu.

Kichwa kiwe na mpangilio mmoja ambao wote mnaufuata. Unaofanya kazi vizuri kwa watu wanaozunguka ni kazi, kisha mteja, kisha anayekwenda: "Ufungaji – jina la mteja – jina la fundi". Kwenye simu vichwa virefu vinakatwa kwa hiyo cha muhimu kikae mwanzo. Na usiandike muda kwenye kichwa, tafadhali sana, muda una sehemu yake, ukiandika "saa 8" kwenye kichwa alafu miadi ikasogezwa, kichwa kinabaki na saa ya zamani na watu wanaanza kubishana kipi ni kipi. Kwenye sehemu ya muda yenyewe kama simu au kompyuta yako iko kwenye mfumo wa saa 24, saa nane mchana ni 14:00, soma mara mbili kabla ya kuhifadhi.

Mahali andika anwani kamili ili mtu akibonyeza ramani ifunguke. Maelezo mengine yote, namba ya mteja, vifaa vya kubeba, linki ya kikao kama ni cha mtandaoni, weka kwenye sehemu ya maelezo, mtu akiwa njiani asilazimike kupiga simu ofisini kuuliza.

Alafu waalike wahusika kama wageni. Kuwa kwenye kalenda ya pamoja kunamfanya mtu aone miadi, kualikwa kunamfanya ajue ni yake, inaingia kwenye kalenda yake mwenyewe na anajibu ndiyo, hapana au labda. Wewe unayepanga unaona nani kajibu na nani kakaa kimya. Asiyejibu mpigie. Kwa wageni kuna visanduku vya kuwaruhusu kurekebisha miadi, kualika wengine na kuona orodha ya waalikwa, na kama kati ya waalikwa kuna mteja ondoa tiki zote, hana haja ya kujua imeli za timu nzima.

Acha nafasi ya safari. Miadi inayoisha 10:00 na nyingine inayoanza 10:00 upande wa pili wa mji ni miadi moja tu, ya pili mmeshachelewa. Weka muda wa njiani kama tukio lake. Kwa vikao vya ndani kuna mpangilio wa vikao vifupi, ukiuwasha kikao cha dakika 30 kinakuwa cha 25 na cha dakika 60 kinakuwa cha 50, watu wanapata pumzi.

Hatua ya 5: Kutafuta muda ambao wote wako wazi

Kama wenzako wameshakushea kalenda zao binafsi kwa ile ngazi ya kwanza, ya kuona tu kama muda umeshikwa, kwenye fomu ya miadi ukiwa kwenye kompyuta kuna sehemu ya kutafuta muda, inakupangia kila mtu safu yake na unaona penye uwazi kwa wote. Hii inaokoa zile meseji ishirini za "mi Jumanne siwezi". Lakini inasema ukweli pale tu ambapo kila mtu anaandika na likizo zake, kwa hiyo likizo ziingie mara tu zinapokubaliwa.

Hatua ya 6: Miadi inayojirudia na saa za maeneo tofauti

Kikao cha kila Jumatatu kiandike mara moja na ukiweke kijirudie. Ukija kukibadilisha utaulizwa kama ni hiki tu, hiki na vinavyofuata, au vyote. Wiki moja mmesogeza, chagua hiki tu. Mmebadilisha siku moja kwa moja, chagua hiki na vinavyofuata, maana ukichagua vyote hata vilivyopita vinabadilika na mnapoteza kumbukumbu.

Kama mna mtu nchi nyingine jueni kwamba kikao kinachojirudia kinashikilia saa za eneo mlizokiwekea. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinasogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani sehemu kubwa inasogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ndo maana kuna wiki kadhaa mwezi Machi ambapo London na New York zinatofautiana saa nne badala ya tano. Amueni kabisa kikao kinafuata saa ya nani, alafu kwenye wiki hizo mtumieni mwenzenu ujumbe. Kwenye mipangilio unaweza pia kuongeza saa ya eneo la pili ikae pembeni ya kalenda yako.

Hatua ya 7: Mabadiliko

Miadi ikisogea, sogeza ileile, usifute na kuandika mpya, kwa sababu ukiisogeza na kukubali kutuma taarifa waalikwa wanaambiwa imebadilika na maelezo yote yanabaki. Mtu akifuta kwa bahati mbaya msipaniki, kuna pipa la taka kwenye menyu ya mipangilio, vilivyofutwa vinakaa kama siku 30 na vinarudishwa.

Kwenye grupu la meseji mkubaliane kitu kimoja tu, miadi ambayo haipo kwenye kalenda haijapangwa. Mtu akiandika "kesho tuonane" jibu liwe "iweke kwenye kalenda". Mwanzoni wataona unawasumbua. Kiongozi wa timu akishika hili wengine watafuata, na yeye asipolishika hakuna mpangilio wowote utakaosaidia.

Wanaotumia kalenda nyingine

Mwaliko unakwenda kwa imeli yoyote, hata asiye na akaunti ya Google anaupata na kujibu, kwa sababu kalenda karibu zote zinasoma faili la .ics, mfumo uliowekwa rasmi mwaka 1998. Anayetaka kuona kalenda nzima kwenye Outlook au Apple mpe ile anwani ya siri ya iCal (linki ambayo programu nyingine inaisomea kalenda yenu) iliyoko chini kabisa kwenye mipangilio ya kalenda. Ila aelewe ni ya kuangalia tu, na mabadiliko hayafiki papo hapo, programu nyingine zinachelewa masaa kadhaa, kwa hiyo asiitegemee kwa mabadiliko ya asubuhi ileile.

Anwani hiyo ni siri kweli, aliye nayo anaona kila kitu bila kuombwa nywila. Mtu akiondoka kwenye timu, siku hiyohiyo ondoa imeli yake kwenye orodha ya kushiriki, angalia miadi ijayo aliyoalikwa na umpangie mtu mwingine, na kama aliwahi kupewa ile anwani bonyeza kitufe cha kuiweka upya, ya zamani inakufa na unawatumia waliobaki ile mpya.