Kulinganisha nyumba za uuguzi Marekani kabla mzazi hajatoka hospitali

Somo hili ni la wale ambao mzazi amelazwa, kisha afisa wa hospitali akaleta karatasi yenye majina ya nyumba za uuguzi (wengi huziita nasing homu) na kutaka jibu kesho yake. Wanachama wengi humu ni CNA (wasaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba hizo hizo, lakini kujua zamu moja si kujua nyumba nzima.

1. Jua unatafuta kitanda cha aina gani. Kama ni mazoezi ya wiki chache baada ya kuvunjika nyonga au kupata kiharusi, Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee) hulipa hadi siku 100: siku 20 za kwanza zote, kisha siku ya 21 hadi 100 mgonjwa anachangia kila siku. Mzazi wa kukaa moja kwa moja halipiwi na Medicare, bali na mfuko wake au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila nyumba ni hili: "Fedha zake zikiisha na akahamia Medicaid, atabaki hapa?" Jibu la kuzungukazunguka lihesabu kuwa hapana.

2. Fungua Care Compare, ukurasa wa tovuti ya Medicare unaolinganisha nyumba na kuzipa nyota moja hadi tano. Andika msimbo wa posta wa mtu atakayekuwa anamtembelea, si wa hospitali. Aliyeko Lowell, Massachusetts, ataandika 01852. Bakiza nyumba tano au sita zilizo ndani ya nusu saa ya kuendesha gari. Nyumba ya nyota tatu unayoweza kuingia Jumanne usiku bila taarifa ina faida kuliko ya nyota tano unayoifikia mara moja kwa mwezi.

3. Zitenganishe nyota. Nyota za jumla zimechanganya mambo matatu: ukaguzi wa afya, idadi ya wahudumu, na vipimo vya ubora. Sehemu kubwa ya vipimo vya ubora hutokana na taarifa ambazo nyumba inajijazia yenyewe, kwa hiyo nyumba yenye mbili kwenye ukaguzi na tano kwenye ubora itiliwe shaka. Anza na ukaguzi, fuata wahudumu, ubora uwe wa mwisho. Alama ya mkono ndani ya duara jekundu maana yake nyumba ilikutwa na kosa la unyanyasaji.

4. Soma ripoti ya ukaguzi yenyewe, fomu 2567. Iko kwenye ukurasa wa nyumba, na nyumba inatakiwa kuiweka mahali pa wazi mgeni aisome bila kuomba. Kila kosa lina herufi. A hadi C ni madogo. D hadi F hakuna aliyeumia ila angeweza kuumia. G hadi I mtu aliumia. J hadi L ni hatari ya papo hapo. Karibu kila nyumba ina D kadhaa, zisikutishe. Tafuta G kwenda juu, na tafuta kosa lile lile likijirudia ukaguzi baada ya ukaguzi: vidonda vya kulalia, kuanguka, dawa kukosewa. Kosa linalojirudia huonyesha kwamba nyumba husahihisha karatasi na kuacha kazi ilivyo.

5. Piga hesabu ya wahudumu. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Takwimu za wahudumu kwenye Care Compare zinatokana na orodha za mishahara, kwa hiyo kuzipamba ni kugumu zaidi. Zinaandikwa kwa saa kwa kila mkazi kwa siku, namba ambayo ikisomwa juu juu haisemi kitu. Chukua nyumba ya wakazi 100 yenye saa 2.0 za CNA. Hizo ni saa 200, yaani zamu 25 za saa nane kwa siku nzima. Wakipangwa 10 asubuhi, 9 jioni na 6 usiku, kila CNA wa usiku ana wakazi 16 au 17. Mzazi anayehitaji kugeuzwa kila saa mbili hatageuzwa kwa wakati. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2001 ulitaja kuwa kila mkazi anahitaji kwa siku jumla ya saa 4.1 za wauguzi na CNA, kati yake 2.8 za CNA. Kisha tazama saa za wikendi, maana huko ndiko pengo hujificha, na asilimia ya wahudumu walioacha kazi ndani ya mwaka.

6. Nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, ya pili Jumapili saa kumi na moja na nusu jioni, chakula cha usiku kikigawiwa. Tazama kengele za vyumba: taa ikiwaka, hesabu dakika hadi mtu aingie. Sinia za wanaolishwa zinapoa? Maji yako mkono unapofika? Harufu ya mkojo chumba kimoja ni ajali ya saa hiyo. Ukumbi mzima ni upungufu wa watu. Tafuta pia karatasi ya wahudumu wa siku hiyo, ambayo lazima ibandikwe, kisha hesabu walioko sakafuni.

7. Kabla ya kusaini. Nyumba hairuhusiwi kukulazimisha uwe mdhamini wa deni la mzazi kwa mali yako ili apokewe. Andika mbele ya sahihi kwamba unasaini kama mwakilishi wake. Mkataba wa usuluhishi, unaokuondolea haki ya kwenda mahakamani, si sharti la kupokewa. Ukishausaini una siku 30 za kuufuta.

Maswali ya wanachama

*Mama alilala hospitali siku nne, sasa tunaambiwa Medicare hailipii nyumba ya uuguzi. Kwa nini?*
Pole, dada. Huenda aliandikwa "obsavesheni", yaani uangalizi, ambao hauhesabiwi hata akilala kitandani. Medicare ya kawaida inataka siku tatu mfululizo za kulazwa rasmi, bila kuhesabu siku ya kutoka. Uliza kila asubuhi: "Amelazwa rasmi au yuko obsavesheni?" Mipango ya Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima) mara nyingi haidai siku hizo tatu, piga simu kwa mpango wake.

*Ndugu, nyota nne za New Hampshire ni sawa na nne za Massachusetts?*
Kwenye ukaguzi, hapana. Nyumba hushindanishwa ndani ya jimbo lake: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja. Ukivuka mpaka, linganisha saa za wahudumu na herufi za makosa.

*Baba ana ugonjwa wa kusahau, Kiingereza kimemtoka, amebaki na Kiswahili. Itakuwaje?*
Ana haki ya kuelezwa matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Uliza wanatumia mkalimani gani wa simu na usiku nani hupiga. Wakisema "tuna Wakenya wengi hapa", uliza wako zamu zipi na sakafu ipi. Andaa karatasi ya maneno kumi kwa maandishi makubwa: maumivu, choo, maji, baridi na mengine kama hayo, ibandike juu ya kitanda.

*Hospitali inaweza kumtoa leo hata kama hatujachagua?*
Karatasi ya haki aliyopewa ina namba ya kukata rufaa. Piga kabla siku ya kutoka haijaisha, saa sita usiku. Akiwa na Medicare, kesi ikiangaliwa anabaki kitandani bila kulipishwa siku hizo za ziada, isipokuwa michango yake ya kawaida.

*Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa?*
Ndiyo, kwa utaratibu wao wa kuhifadhi. Andika jina na tarehe. Kama ana shida ya kumeza, muulize kwanza mtaalamu wa kumeza. Ugali mkavu humkaba mtu wa kiharusi.