Namna ya kumbakiza mhafidhina mwenzio kwenye mstari, kura ya Congress isiishie njiani

Naanza na namba, maana bila hii namba hakuna atakayekusikiliza: 196,964 kwa 196,958. Hayo ndo matokeo ya kiti cha Bunge la Wawakilishi, wilaya ya 2 ya Iowa, mwaka 2020. Mariannette Miller-Meeks wa Republican kampita Rita Hart wa Democrat kwa kura 6. Sita, sio mia sita. Kaunti 24, watu karibu laki nne wamepiga kura, halafu tofauti inaenea kwenye kiti cha nyuma cha Noah. Na mwaka huohuo, wilaya hiyohiyo, Trump alishinda kwa pointi kama 4 hivi, yaani kuna maelfu ya watu walimpigia Trump juu halafu wakishuka kwenye mstari wa Congress wakauruka au wakahama. Hao ndo tunaowaongelea leo.

Naandika kwa ajili yetu tuliopata uraia, tuko huku Iowa City, Coralville, Davenport na kwingineko, Waswahili wahafidhina, watu wa kanisa wengi wetu, na ukweli ni kwamba majirani zetu Wamarekani wanadhani sisi wote ni Wademokrat. Kabla sijaendelea: kwetu Tanzania jimbo ndo la mbunge, huku jimbo ni Iowa nzima, kwa hiyo eneo la mbunge wa Congress nitaliita wilaya tusichanganyane. Na baada ya mipaka kuchorwa upya, tangu 2022 Iowa City na Davenport ziko wilaya ya 1.

Sasa kazi yenyewe.

Ugomvi umalizwe Juni

Kama mgombea wenu humpendi, sehemu ya kumng'oa ni kwenye mchujo, yaani uchaguzi wa kumpata mgombea wa chama. Iowa mchujo ni mwanzoni mwa Juni, uchaguzi wenyewe Novemba. Juni pigana unavyotaka, chapisha, simama, mpigie mwingine, ni haki yako na wala sio usaliti. Mwaka 2024 kuna bwana wa Davenport anaitwa David Pautsch, mtu wa maombi, alimpinga Miller-Meeks kwenye mchujo akapata kama asilimia 44, ambayo kwa mtu asiye na hela nyingi kumpinga mbunge aliyekaa kitini ni ujumbe mzito sana. Ujumbe ukafika. Halafu Novemba Miller-Meeks akashinda kwa kura zisizofika hata 800, wakati Trump wilaya hiyo kaipita bila jasho. Hebu fikiria kama robo tu ya wale wa Juni wangenuna mpaka Novemba.

Ukitaka kuona inavyokuwa watu wakinuna mpaka mwisho, angalia wilaya ya 23 ya New York, kule juu kabisa Watertown na Plattsburgh. Mwaka 2009 mbunge wao John McHugh aliondoka kwenda kuwa waziri wa jeshi la nchi kavu, chama cha Republican kikamweka Dede Scozzafava, wahafidhina wakasema huyu sio wetu, wakaenda na Doug Hoffman kupitia chama kidogo cha Conservative. Scozzafava akajitoa siku tatu kabla ya uchaguzi akamuunga mkono Mdemokrat, Bill Owens, na Owens akashinda. Sawa, tuseme ile ya kwanza chama kilijitakia, watu walipewa mgombea bila mchujo. Lakini 2010 mchujo ulikuwepo! Hoffman akashindwa na Matt Doheny, baadaye akasema jamani mpigieni Doheny, ila jina lake lilishabaki kwenye karatasi ya kura, na kura zilizoenda kwake zilikuwa nyingi kuliko tofauti ya Owens na Doheny. Yaani mwenyewe mgombea amesharudi nyumbani, wafuasi bado wako porini.

Huo mfano wa 2010 ukariri. Ni mzuri kuliko hotuba yoyote.

Mwache anung'unike, usimtetee mgombea

Hapa nilikosea sana mwanzoni na ndo maana naandika kirefu. Kuna mzee mmoja Mkongomani Coralville, tunasali wote, tumwite Papa tu maana ndivyo tunavyomwita. Nilienda kwake mara ya kwanza na karatasi zangu, nikakaribishwa mezani, mama anageuza bugali jikoni, nikaanza tu kuongea kura. Papa akanikata: "Ule mama miye sitamuchagua tena. Alipiga kura ya ndoa." Alikuwa anaongelea ile kura ya Julai 2022, ule muswada wa kuheshimu ndoa unaolinda ndoa za jinsia moja, Miller-Meeks alikuwa mmoja wa Warepublican 47 waliosema ndiyo. Mimi nikajifanya wakili. Nikaeleza sijui hiki sijui kile, nikasema hata Ashley Hinson, mbunge mwingine wa Republican wa Iowa wakati ule, naye alipiga ndiyo, kana kwamba hilo linasaidia. Papa akanyamaza, akala, akaniambia "asante kwa kutembeya". Nikajua nimemkosa.

Mara ya pili nikaenda bila karatasi. Nikasema "Papa, ile habari ya ndoa, nimekuja unieleze vizuri." Akaongea dakika ishirini. Sikumjibu hata neno moja la kumpinga, kwa sababu kusema kweli hata mimi ile kura iliniuma. Alipomaliza nikamuuliza swali moja tu: "Humu ndani wenye uraia na umri wa kupiga kura mko wangapi?" Akahesabu kwa vidole, yeye, mama, vijana wawili, binti, mkwe. Na mdogo wake, lakini huyo ana green card tu, kibali cha kuishi, sio uraia. Kwa hiyo sita. Nikamwambia Papa, mwaka 2020 kiti kizima kiliamuliwa na watu wa meza hii. Akamwangalia mama, mama akacheka, akasema basi sisi ndo tulimuweka pale, tumuite aje kuosha vyombo.

Ndo hivyo ukweli. Usimuombe mtu ampende mgombea. Mtu mzima aliyekasirika ukimwambia hasira yake haina maana unamsukuma nje kabisa. Muulize kiti kikienda kwa upande wa pili, lile jambo linalomuuma litakaa vizuri zaidi au vibaya zaidi? Mwache ajibu mwenyewe. Na mwambie hasira yake aiandike, ofisi ya mbunge inapokea barua na simu, na mbunge aliyepita kwa kura 6 anajua kusoma barua.

Usidanganye. Usizushe kitu kuhusu mgombea wa upande wa pili, hawa watu wana simu, anagugo hapohapo mbele yako na umekwisha. Na salamu jamani: Mtanzania mkubwa wako mpe shikamoo yake, Mkongomani mzee shikamoo haimsisimui, msalimie, kaa, uliza watoto, kunywa ulichopewa. Ukiingia na kura mdomoni kama muuza bima utatoka hivyohivyo.

"Hapa Johnson County kura yetu haina kazi"

Utaisikia kila nyumba. Johnson County ni ya Wademokrat haswa, chuo kikuu kiko pale, kwa hiyo mhafidhina anaangalia mabango ya majirani anakata tamaa. Mweleze kwamba kiti cha Congress hakihesabiwi kwa kaunti. Kura ya mhafidhina wa Iowa City inaingia kwenye kapu moja na ya mkulima wa mahindi huko Washington County, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Kwenye ile tofauti ya kura 6 hujui kama ni wakulima au ni wale wachache waliojikaza katikati ya Wademokrat.

Karatasi yenyewe

Hapa ndo kura nyingi zinapotelea. Zamani Iowa ulikuwa unaweza kupaka duara moja la chama, karatasi nzima inahesabika upande huo. Ilifutwa kwa sheria ya 2017. Sasa hivi kila kiti unapaka duara lake. Kuna watu hawajui mpaka leo, anapaka rais au gavana, anaona kazi imeisha, anaenda nyumbani. Chukua karatasi ya mfano, kaunti huwa zinatoa kabla ya uchaguzi, kaa naye mezani, mwonyeshe kwa kidole: hapa seneta kama mwaka huo yupo, hapa chini yake Congress, hapa ndo penyewe, halafu geuza nyuma kuna majaji, unapiga kura wabaki au watoke. Mwambie ukichoka kabisa kusoma, angalau ufike mstari wa Congress. Miaka isiyo na uchaguzi wa rais ndo mibaya zaidi, maana watu wengi hawatoki kabisa, na wakitoka ni kwa gavana.

Karatasi za Iowa ni Kiingereza tu. Mama asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa na sheria ya nchi kuingia na mtu wa kumsaidia anayemtaka mwenyewe, mtoto wake, shemeji, mtu wa kanisa, ilimradi sio mwajiri wake wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Ukimsaidia paka anachokuambia yeye, hata akikuambia Mdemokrat. Sitanii.

Na la green card narudia kwa herufi kubwa: MWENYE GREEN CARD HAPIGI KURA NA HAJIANDIKISHI. Hata kama pale wanapotoa leseni za udereva mtu kamuuliza kama anataka kujiandikisha, jibu ni hapana. Hiyo inaweza kumharibia uraia wote, hata kufukuzwa nchini. Yule mdogo wake Papa tulimpa kazi ya kuendesha gari, akawa wa maana kuliko sisi wote.

Saa

Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku. Sasa ngoja. Mimi niliandika hivyo kwenye grupu la WhatsApp, Mtanzania akaelewa, Wakongomani wengi wanahesabu saa kama Wafaransa, mmoja akaja kuniuliza kwa nini vinafunga saa mbili mchana. Tangu siku hiyo naandika 7:00 asubuhi hadi 8:00 usiku, kwa namba, kama ilivyo kwenye simu.

Ndugu zetu wengi wako kwenye viwanda vya nyama na maghala, shifti za masaa kumi, kumi na mbili. Usimwambie "utapiga kura Jumanne", mwambie saa ngapi, na gari la nani. Kura ya mapema inaanza siku 20 kabla, unaenda ofisi ya odita wa kaunti, huyu huku ndo anasimamia uchaguzi, msidhani ni mkaguzi wa hesabu tu. Mtu ana siku ya mapumziko Jumatano? Jumatano hiyo anaenda, imeisha, hata theluji ikianguka Jumanne haimhusu. Na kama shifti haimwachii masaa 2 mfululizo wakati vituo viko wazi, sheria ya Iowa inamlazimu mwajiri kumpa ruhusa bila kumkata mshahara, ila aombe kwa maandishi kabla ya siku ya uchaguzi. Tulimsaidia kijana mmoja kuandika mistari miwili tu, msimamizi wake akasaini bila neno.

Aliyeomba kura ya posta, bahasha iwe imefika kabla ya 8:00 usiku siku ya uchaguzi, kuwekwa posta siku hiyo hakutoshi. Na usizunguke unakusanya bahasha za watu kwa wema wako, sheria imebana sana nani anaruhusiwa kumpelekea mwenzie. Ambaye hajajiandikisha bado anaweza kujiandikisha hapohapo kituoni siku ya uchaguzi akiwa na kitambulisho na kitu cha kuonyesha anaishi wapi, mkataba wa nyumba au bili ya umeme inatosha, ila mwambie avibebe, sio picha ya kukumbuka kichwani.

Ukimfikisha kituoni, stika, kofia na fulana za kampeni vinabaki kwenye gari, na mdomo wako pia, ndani ya futi 300 hakuna kampeni. Akikosea kupaka asifutefute wala asiandike maelezo pembeni, arudishe karatasi aombe nyingine, wanatoa. Papa alirudisha yake mara mbili. Mkwe wake tulimsubiri nje kwenye Sienna nusu saa nzima, tukadhani amekwama, kumbe alikuwa nyuma ya karatasi anasoma majaji mmoja mmoja.