Ukivuka Holili kwenda kuchuma kahawa

Mimi ni Mkenya wa Kiambu, nimelelewa kwa kahawa, kwa hiyo nilipokwenda Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro nchini Tanzania, kujitolea likizo moja ya chuo nilidhani sina la kufundishwa. Jioni ya kwanza nikamwambia mama mwenyeji, "Nipe maji." Kwetu ni kauli ya kawaida. Pale watu waliacha kutafuna. Basi anza na hili: Tanzania husemi "nipe", unasema "naomba". Na aliyekuzidi umri unamwamkia "shikamoo" kabla ya neno lingine lolote. Mkenya huona haya kulitamka. Itakwisha.

Kitambulisho cha taifa kinachokufikisha Kampala hakitoshi mpakani Holili. Beba pasipoti na cheti cha homa ya manjano. Usivuke ukisema unatembea tu, maana kujitolea nako kunahitaji kibali; watu wa kujitolea hupewa kibali cha ukaazi daraja C, na atakayekupokea aanze kukifuatilia mapema. Ukishavuka kutoka Taveta, panda gari hadi Himo, kisha la Marangu Mtoni. Hapo Himo nunua sukari, sabuni na majani ya chai ya kupeleka nyumbani. Pesa mkononi siku ya kwanza hunuka hoteli.

Kati ya Agosti na Novemba kuna kahawa ya kuchuma. Vaa mabuti ya mpira, kwani kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, lina mteremko na utelezi: migomba juu, mibuni chini yake, ng'ombe bandani akingoja majani. Usioshe mabuti kwenye mfongo. Maji ya mfereji ule yana zamu, na jirani wa chini anayasubiri.

Chunga maneno pia. Kwetu "mbuni" ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ile ya bei ya chini. Nilimuuliza babu kama anauza mbuni, akadhani nataka kumng'olea miti.

Kiambu tunapeleka matunda kiwanda cha ushirika, yanapimwa, tunarudi nyumbani. Marangu familia nyingi humenya wenyewe, siku ile ile ya kuchuma, kwa mashine ya mkono. Mmoja anamimina matunda na maji, mwingine anazungusha mpini. Nilizungusha kwa sifa, punje zikakatika. Mama aliokota moja iliyopasuka, akaniwekea kiganjani, akaendelea kumimina. Zungusha taratibu, mwendo mmoja.

Punje huachwa zichachuke usiku kucha au zaidi, kutegemea baridi. Zisugue mikononi: zikiteleza, bado; zikikwaruza kama kokoto, zioshwe. Kisha zinaanikwa kwenye vichanja vya waya, wiki mbili hivi, zikigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa jua likiwa kali mno au wingu likishuka kutoka mlimani. Omba kazi hii. Inachosha akili kuliko mgongo, wageni wengi huikimbia, lakini ukikaa pale na turubai lako mama anaweza kwenda sokoni bila wasiwasi. Hakuna msaada mkubwa kuliko huo ambao mwanafunzi wa mjini anaweza kuutoa, nami niliugundua wiki ya tatu.

Kuchuma kwenyewe kunaonekana rahisi: nyekundu tu, moja moja, bila kuvunja tawi. Mimi nilikuwa najaza debe haraka nikisifiwa, "Hongera, mwanangu." Usiku mmoja, saa nne, nikatoka kwenda msalani nikaona taa barazani. Mama na binti yake walikuwa wameinamia ungo, wanatoa kijani nilizochuma, wanazitenga kwenye bakuli. Hawangeniambia kamwe, mgeni hakaripiwi.

Kwa hiyo ukiona taa hiyo, usirudi kulala. Vuta kigoda, sema "naomba niwasaidie", uinamie ungo. Ndipo nilipoanza kusikia habari za bei, za ada za shule, na za mwanafunzi aliyekuja kabla yangu.