Kabla hujatuma insha zako za kuomba MBA

Kila Septemba inapokaribia, vijana wa hapa Mwanza wanaoomba vyuo vya biashara vya nje kusomea MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, huniletea insha zao niwasomee. Wengi huzileta dirisha likiwa karibu kufungwa. Anzeni mapema jamani, haya mambo hayataki haraka.

Soma swali, andika, halafu lisome tena. Chuo cha Stanford cha Marekani kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza ni jambo gani lina maana kubwa zaidi kwako, na kwa nini. Alama zako wanaziona kwenye vyeti na kwenye GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, usizirudie. Uzito uko kwenye hilo "kwa nini", na hapo ndipo insha nyingi ninazosoma huwa nyepesi.

Hesabu maneno.

Hesabu na saa pia. Harvard hupokea maombi mpaka saa sita mchana ya Boston. Kwa Septemba, hapa kwetu ni saa moja jioni. Kwa dirisha la Januari ni saa mbili usiku. Umeme ukikatika jioni hiyo hakuna wa kukuongezea muda, kwa hiyo tuma siku moja kabla.

Bosi akikuambia "andika mwenyewe barua ya mapendekezo, nitasaini", mshukuru, kisha tafuta mdhamini mwingine.

Na usimpe mtu akuandikie insha. Hili nalisema kwa uchungu. Kuna dada mmoja, mnunuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, alinionyesha rasimu yake ya kwanza. Aliandika kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi hupumzika, na kina mama wanaomwanikia mzigo hukaa bila kipato na kuingia kwenye mikopo ya riba. Akaamua kuwalipa sehemu ya ujira kabla ya giza linalofuata, kwa makubaliano kwamba waanike juu ya vichanja. Dagaa wa mchangani, hasa wakinyeshewa, huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Mama mmoja, mkubwa wao, alimpinga mbele ya wenzake: "Mwanangu, kichanja kikibomoka na mvua, nani analipa?" Akajibu, "Nalipa mimi, mama," na akalipa kweli masika yalipokuja.

Hiyo ilikuwa insha tayari. Ilihitaji kunyooshwa sarufi tu.

Kishoka mmoja mjini akamwambia dagaa si habari ya kuwapelekea Wazungu. Akamwandikia kwa pesa nzuri insha ya binti aliyekulia kwenye dhiki, anayeota kuikomboa Afrika, aliyeanzisha mradi wa kuwainua wanawake kijijini. Dada wa watu amekulia Nyakato, baba yake mwalimu. Akaitwa kwenye usaili, na msaili alikuwa amelisoma faili lote. Akamuuliza: katika ule mradi wako, nani alikupinga, na alikuambia nini? Maneno ya yule mama alikuwa nayo kichwani, lakini kwenye karatasi hapakuwa na mama, wala kichanja, wala dagaa. Akaanza kuunga unga majibu. Hakuchukuliwa, na mimi naamini ile rasimu yake ingempitisha.

Programu za kompyuta zinazoandika kila kitu nazo ni vivyo hivyo. Zikusahihishe, zisikutungie.

Mpe rasimu mtu anayekujua, umuulize kama anakuona humo ndani. Ukinakili insha kutoka ombi moja kwenda jingine, hakikisha jina la chuo cha kwanza halijabaki. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Nakala hifadhi kwenye barua pepe yako, usiiache kwenye kompyuta ya steshenari. Na ukiitwa kwenye usaili, zisome tena insha zako zote usiku wa kuamkia siku hiyo, hata kama unadhani unazikumbuka.