Kabla ya kumpeleka mtoto kupimwa mishipa ya moyo

Mpwa wangu alianguka akiwa mzunguko wa tatu, mbio za shule, huko Kayole, Nairobi. Hakuwa amesimama gwaride juani, alikuwa mbioni. Kwenye zahanati ya kwanza tukaambiwa labda hakunywa chai. Alikuwa amekunywa, na mandazi mawili juu yake.

Basi andika kwanza alianguka akifanya nini. Anayezimia kwa kusimama muda mrefu, mara nyingi ni presha tu imeshuka. Anayezimia katikati ya mbio, au anayebanwa kifua akikimbia, lazima moyo uchunguzwe, pamoja na mishipa ya koronari inayoulisha moyo wenyewe. Kwa kawaida ni miwili, kila mmoja ukichipuka upande wake wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Wapo wanaozaliwa ule wa kushoto ukiwa umechipukia kulia, ukajipenyeza kati ya aota na ateri ya mapafu (mshipa unaopeleka damu mapafuni), mdomo wake mwembamba kama ufa. Akikaa hana neno. Akikimbia, moyo unadai damu zaidi na mshipa unabanwa. Kasoro hizi zinajua kujificha: Pete Maravich alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani miaka 10, akafa uwanjani mwaka 1988 akiwa na miaka 40, ndipo ikaonekana hakuwa na koronari ya kushoto.

Waulize walioona. Sisi tulisaidiwa na mtoto aliyekuwa akikimbia nyuma yake: "Alishika kifua kwanza, halafu miguu ikalegea." Mwalimu alikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuliona hilo. Uliza na nyumbani kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Uliza kwa upole, maana vifo vya namna hiyo kwetu huambiwa ni kurogwa, na wazee hawapendi kuvichokonoa.

Isiji, kipimo cha umeme wa moyo, ya mtoto aliyelala kitandani inaweza kutoka safi kabisa, usirudi nyumbani nayo ukishangilia. Kwenye eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, omba ripoti iseme koronari zote mbili zinatokea wapi. "Moyo uko sawa" haitoshi. Zisipoonekana vizuri, huenda mkatumwa siti skani ya rangi, picha inayopigwa baada ya kudungwa dawa inayoonyesha mishipa. Kabla ya siku hiyo ulizia kipimo cha figo, sema kama ana mzio, na pumu usiifiche, kwa sababu dawa ya kupunguza mapigo anayoweza kupewa kabla ya picha inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu aviache.

Hospitali ya Kenyatta nenda na barua ya rufaa. Mater na Aga Khan pia wana madaktari wa moyo. Ya SHA, bima ya afya ya serikali, yaulizie dirishani mapema, kipimo kwa kipimo, usingoje mtoto awe ameshavalishwa gauni.

Kwa mtoto mchanga ni habari nyingine. Akifika kama miezi miwili, akawa anatoka jasho na kulia kila akinyonya, huku amepauka, huenda koronari ya kushoto imetokea kwenye ateri ya mapafu. Huyo hangoji tarehe ya kliniki.

Majibu yakisubiriwa, hakuna mbio, hata ya kuwahi matatu. Mwalimu wa michezo apewe barua, na ajue kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika mtoto akianguka na kukosa pumzi. Wetu amenuna wiki nzima. Sasa wamempa saa, ndiye anayepima wenzake.